Mtoto Akinywa Mafuta ya Taa, Usimtapishe

Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa kwa wanakisomo wa kijiji kimoja cha wavuvi kando ya Ziwa Victoria. Tumeyaandika karibu kama tulivyoyasema, ili na ndugu zetu wa vijiji vingine wayasome.

 

Leo hatukuja kufundisha ufugaji wa kuku kama tulivyoahidi. Somo la kuku litangoja. Leo tumekuja kusahihisha kosa letu wenyewe. Kosa hilo limo ndani ya madaftari yenu, tena mmeliandika kwa mwandiko mzuri.

Mnakumbuka somo la huduma ya kwanza? Tulisimama hapa hapa mbele ya ubao huu, tukaandika: "Mtu akinywa sumu, mpe maziwa mengi, kisha mtapishe." Mkanakili. Tukapita nyuma ya kila mmoja wenu, tukaweka alama ya vema. Hatukumwuliza mganga wa zahanati kabla ya kuandika. Tuliandika yale tuliyoyasikia tangu utoto wetu. Tulidhani kwamba kwa kuwa kila mtu anayasema, basi ni kweli.

Sasa sikilizeni yaliyotokea. Wenye habari hii wamo kati yetu, nao wameturuhusu tuisimulie bila kuwataja majina.

Ilikuwa mwezi wa Septemba uliopita. Jua lilikuwa kali, mvua bado. Baba wa nyumba ile ni mvuvi wa dagaa. Usiku ule mwezi haukuwapo, kwa hiyo wavuvi wote walikuwa wanajiandaa kuingia ziwani. Si mnajua wenyewe, dagaa hufuata mwanga. Mwezi ukiwa mkubwa hawakusanyiki kwenye taa. Siku hizi wavuvi wengi hutumia taa za betri na za nguvu ya jua. Lakini baba huyu bado ana karabai zake mbili, na anasema zinawavuta dagaa kuliko taa ya betri. Ubishi huo tunawaachia wavuvi.

Alasiri alikaa barazani akijaza karabai. Mafuta ya taa yalikuwa ndani ya dumu. Kwa kuwa mdomo wa karabai ni mdogo, aliyamimina kwanza kwenye kikombe cha plastiki. Mara wenzake wakamwita mwaloni awasaidie kusukuma mtumbwi. Akaondoka. Kikombe akakiacha chini, kikiwa na mafuta kidogo ndani yake.

Mtoto wao alikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi minane. Alikuwa amecheza juani, ana kiu. Kikombe kile ndicho alichozoea kunywea maji. Na mafuta ya taa yakiwa ndani ya kikombe, mtoto atayatofautishaje na maji?

Mama alikuwa uani akianua dagaa. Akasikia mtoto anakohoa, kikohozi kile cha mtu aliyepaliwa. Akakimbia. Alimkuta machozi yanamtoka, nguo imelowa kifuani, mdomo unanuka mafuta. Mtoto akalia kwa nguvu, halafu akanyamaza. Kikohozi kikapungua. Tunaomba mkumbuke jambo hili: wakati ule mtoto alikuwa na nafuu.

Mama akaingia ndani, akachukua daftari lake la kisomo, akasoma. Ndugu zangu, sisi maofisa wa elimu tunapenda kujisifu kwamba kisomo kinaokoa maisha. Siku ile mama alisoma vizuri kabisa, neno kwa neno, na yale aliyoyasoma yalikuwa na hatari. Akaomba maziwa kwa jirani, akamnywesha mtoto kikombe kizima. Kisha akamtia kidole kooni. Mtoto akatapika maziwa na mafuta pamoja. Katika kutapika huko akapaliwa mara ya pili, vibaya kuliko mara ya kwanza.

Jua lilipokuwa linatua, mtoto alikuwa anapumua haraka haraka. Pua zilikuwa zinatanuka. Sehemu ya chini ya kifua ilikuwa inabonyea ndani kila alipovuta hewa. Alikuwa anaguna. Mwili ukawa wa moto. Bibi yake akasema, "Hii ni malaria." Wakamfuta kwa maji, wakakaa naye. Usiku alipoanza kulegea, akiitwa haitiki vizuri, ndipo walipoita bodaboda wakamkimbiza zahanati. Mganga alipomwona hakupoteza muda, akawapeleka hospitali. Mtoto alilazwa siku 6. Siku 3 za kwanza alikuwa anasaidiwa kwa hewa ya oksijeni.

Alipona. Yule pale, anachezea mchanga.

Tulipokwenda kuwaona hospitalini, mama hakutulaumu. Alitoa daftari kwenye mkoba wake, akalifungua, akatuuliza: "Mwalimu, daktari amesema nisingemtapisha. Lakini hapa pameandikwa nimtapishe. Nifute?"

Hatukuweza kumjibu siku ile. Tulikwenda kwa daktari, tukamwomba atufundishe na sisi kama wanafunzi. Leo tumerudi na jibu.

Jamani, ugomvi wote wa jambo hili uko kooni. Hapa kooni pana njia mbili. Moja ni ya chakula, inakwenda tumboni. Nyingine ni ya hewa, inakwenda kwenye mapafu. Njia hizi ziko karibu, kama milango miwili ya nyumba moja. Ukimeza tonge la ugali, kifuniko kidogo hufunga mlango wa hewa, tonge likapita kwenye njia yake. Mara nyingine kifuniko huchelewa, na kitu kikachungulia mlango usio wake. Hapo ndipo tunasema mtu amepaliwa. Anakohoa mpaka kitoke.

Ugali ni mzito, unatoka. Maji nayo hutoka. Mafuta ya taa si hivyo. Hebu tazameni ndoo hii. Ina maji. Sasa tunadondosha tone moja la mafuta ya taa. Mmeona? Halikukaa mahali pamoja. Limetambaa juu ya maji, likawa utando mwembamba sana. Wazee mtakumbuka mabwana afya walivyokuwa wakimwaga mafuta kwenye madimbwi ili viluwiluwi vya mbu vikose hewa. Hawakuhitaji mafuta mengi, kwa sababu mafuta yenyewe hutambaa.

Hivyo hivyo ndivyo yanavyofanya ndani ya mtu. Yakigusa tu mlango wa hewa yanateleza kuingia ndani, kisha yanatambaa kwenye mapafu. Wala haihitajiki chupa nzima. Kijiko cha chai hubeba mililita 5. Mililita 1 tu ya mafuta ya taa ikiingia kwenye mapafu inaweza kumwumiza mtoto mdogo vibaya.

Mapafu yenyewe hayafanani na mifuko miwili mitupu, ingawa wengi tunayafikiria hivyo. Mmepata kuona mapafu ya mbuzi yakichinjwa. Ni mepesi, laini, kama sponji. Ndani yake mna vifuko vidogo vya hewa, mamia ya mamilioni. Kila kifuko kimepakwa ndani maji maji laini yanayotengenezwa na mwili wenyewe. Kazi ya maji maji hayo ni kuvizuia vifuko visigandamane. Chukua mfuko mwembamba wa plastiki uliolowa ndani, ujaribu kuufungua. Pande zake zimeshikana, sivyo? Mafuta ya taa huharibu yale maji maji laini, na vifuko vya hewa vikagandamana namna hiyo. Tena kuta zake huvimba, zikavuja maji na hata damu. Mahali palipojaa maji hewa haipiti. Mtoto anavuta pumzi kwa nguvu zake zote na hewa haimfikii damuni. Ndiyo sababu anapumua haraka. Ndiyo sababu analegea na kusinzia.

Homa nayo hutoka huko huko kwenye mapafu yaliyounguzwa. Inaweza kuja siku ile ile, hata kama hakuna mdudu wa malaria. Bibi wa mtoto hakukosea kwa ujinga. Katika vijiji vyetu vya ziwani homa ya mtoto ni malaria mara nyingi, na kupima damu ni lazima. Lakini mtoto aliyekunywa mafuta mchana akiwa na homa jioni, mwambieni mganga habari ya mafuta kabla ya habari ya homa.

Sasa, mafuta yaliyoingia tumboni yanafanya nini? Huko hayana ubaya mkubwa. Yanaweza kuleta kichefuchefu, maumivu ya tumbo na kuharisha, lakini yanayopita kutoka tumboni kuingia mwilini ni kidogo. Mengi yatatoka chooni. Kwa hiyo mafuta yakishafika tumboni, yaacheni huko huko. Anayemtapisha mtoto anayarudisha mafuta juu, yapite tena kwenye ule mlango wa hewa ambao mara ya kwanza labda yaliukosa. Na anayempa maziwa mengi analijaza tumbo mpaka litapike lenyewe. Ndivyo tulivyomwumiza mtoto yule. Baba alisahau kikombe, ni kweli, na amejilaumu sana. Lakini kupaliwa kule kwa pili kulitoka ubaoni kwetu.

Wakati wa mazungumzo mama mmoja aliuliza, "Kama maziwa ni mabaya, je, mafuta ya kula? Je, yai bichi?" Hapana mama. Wala maji ya chumvi, wala maji ya sabuni, wala mkaa uliosagwa, wala kidole, wala unyoya wa kuku. Wala kumshika miguu na kumning'iniza kichwa chini. Mtoto akitapika mwenyewe hatuwezi kumzuia. Hapo mlaze ubavu, au umwinamishe uso chini, matapishi yatiririke nje, kisha umpanguse mdomo.

Jambo la kwanza ni kumwondolea mafuta yaliyobaki. Mpanguse mdomo kwa kitambaa safi. Mvue nguo iliyolowa mafuta, umwoshe ngozi kwa maji na sabuni, kwa sababu mafuta huchoma ngozi, na nguo iliyolowa huendelea kumvutisha harufu. Fanyeni hivyo mbali na jiko na mbali na kibatari. Tumewahi kuona watu wamembeba mtoto aliyelowa mafuta wakamkalisha karibu na mafiga, eti asipate baridi. Moto ukirukia nguo ile mtakuwa na balaa mbili. Ukishamwosha, mpeleke zahanati, naye aketi wima mapajani mwako au alale ubavu. Chukua na chupa au dumu lenye yale mafuta, mganga alione na kulinusa. Mwambie saa aliyokunywa.

"Hata kama anacheza?" Ndiyo, hata kama anacheza. Mnakumbuka tulivyosema kwamba mtoto yule alikuwa na nafuu mwanzoni. Mapafu yakiumia, dalili huonekana mara nyingi katika muda wa saa 6 za kwanza. Kwa hiyo mtoto huangaliwa na mganga saa 6 kwa uchache. Zikipita bila kikohozi, bila homa na bila kupumua haraka, mganga akaridhika, mtarudi naye nyumbani kwa furaha. Akianza kuumwa, hali huweza kuzidi siku ya kwanza na ya pili kabla ya kuanza kupona.

Hapa ndipo hesabu zenu zinapopata kazi. Mtoto akiwa ametulia, hajalia, mfunue kifua. Tazama kinavyopanda na kushuka. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Tazama saa, au simu yako, uhesabu pumzi kwa dakika moja kamili, usikate katikati. Mtoto wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, akifikisha pumzi 50 au zaidi kwa dakika, anapumua haraka. Mtoto wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5, ni pumzi 40 au zaidi. Tulipokuwa tunazungumza tuliwahesabia watoto watatu waliokuwa migongoni mwa mama zao, wote wakawa salama, na mama mmoja aliyesema hesabu hazimwingii alipata jibu sawasawa na la mganga. Lakini msikae nyumbani kuhesabu huku mmeacha safari. Hesabuni mkiwa njiani, hesabuni tena mkiwa mnasubiri. Na mkiona kifua kinabonyea ndani, mtoto anaguna, midomo inageuka rangi, au anasinzia na kuamka kwa shida, msimngoje hata mganga amalize foleni. Ingieni.

Tuseme na jambo lingine ambalo huleta ugomvi hospitalini. Wazazi wengine hukasirika wakiona mtoto hajasafishwa tumbo. Husema, "Wamemwekea mpira wa hewa tu, mafuta wameyaacha ndani." Ndugu, hawakuwadharau. Kuingiza mpira tumboni kuyanyonya mafuta kunaweza kumtapisha, na hilo ndilo tunalolikimbia. Wala hakuna dawa ya kuyafuta mafuta kwenye mapafu. Kazi ya hospitali ni kumpa mtoto oksijeni akiihitaji, kumpiga picha ya eksirei ikiwapo, na kumwangalia kwa makini huku mwili ukijitengeneza wenyewe. Dawa za kuua vijidudu hutolewa vijidudu vikiingilia, na hilo ni shauri la mganga. Msimlazimishe kuchoma sindano ili tu mwone kwamba amefanya kazi.

Sasa akina baba, mlikuwa mnatikisa vichwa kana kwamba habari hii ni ya akina mama na watoto. Nani kati yenu hajawahi kuvuta petroli kwa mdomo? Mpira mmoja unaingizwa kwenye tangi la pikipiki au dumu la mashine ya boti, upande wa pili unaingia mdomoni, mtu ananyonya, petroli inakuja mbio, anatema, wenzake wanacheka. Petroli ni nyepesi kuliko mafuta ya taa. Inateleza kuingia kwenye njia ya hewa upesi zaidi. Mtu mzima ana mapafu makubwa, lakini yana vifuko vile vile na maji maji yale yale laini. Akipaliwa na petroli anaweza kuanza kukohoa, kubanwa kifua na kupata homa siku hiyo hiyo, akadhani amepigwa na baridi ya ziwani.

Kijana mmoja mwendesha boti alisema, "Mwalimu, sisi tunajua kuvuta, hatumezi." Tulimjibu kwamba hata mtoto yule hakukusudia kumeza. Zipo pampu ndogo za kuminya kwa mkono, zinauzwa madukani penye vifaa vya pikipiki. Zikikosekana, inueni dumu, mmimine polepole kwa faneli. Hata wawili wakishikilia dumu moja si aibu. Na yule aliyekwisha kupaliwa na petroli sheria yake ni ile ile: asitapishwe, asipewe maziwa, asivute sigara, apelekwe kwa mganga.

Kuna vitu vingine vya nyumbani ambavyo tutavigusa kidogo tu, maana kila kimoja kingetaka siku yake. Wenye vikundi vya kutengeneza sabuni mnatumia kostiki. Wenye taa za betri mna maji ya betri. Dukani kuna dawa za kusafishia choo na za kung'arisha nguo. Hivi huunguza. Vikimezwa huunguza koo vikishuka, na mtu akitapishwa vitaunguza mara ya pili vikipanda, na vikichepuka kuingia kwenye mapafu vitayaunguza nayo. Kwa hiyo hapa pia hakuna kutapisha. Mpanguse na kumsuuza mdomo, umkimbize. Dawa za mimea na za mifugo nazo nyingine zimechanganywa na mafuta ya jamii ya mafuta ya taa, na juu ya hayo zina sumu yake yenyewe. Huyo hana muda wa kungoja. Achukuliwe yeye na chupa yake yenye maandishi. Tena msichanganye dawa ya kung'arisha nguo na dawa ya choo kwenye ndoo moja mkidhani choo kitang'aa zaidi. Zikikutana hutoa hewa ya sumu inayoumiza mapafu bila mtu kunywa kitu chochote.

Turudi kwenye mafuta ya taa. Wengi wetu hununua kidogo kidogo, ya kutosha siku mbili tatu. Muuzaji hapimi kwenye dumu, anapima kwenye chupa uliyokuja nayo. Umekuja na chupa gani? Ya soda, au ya maji ya kunywa. Mtoto jana ulimpa soda kwenye chupa ile ile. Leo umeiweka mvunguni mwa kitanda ikiwa imejaa mafuta, na kifuniko chake ni kipande cha gunzi. Wakati wa joto, watoto wakiwa na kiu, ndipo ajali hizi huzidi. Na wanaokunywa wengi ni wale wa mwaka mmoja hadi mitatu, waliokwisha kutembea lakini wanajua dunia kwa kutia vitu mdomoni.

Mwenzetu mmoja alishauri kwamba kila mtu aandike neno SUMU kwenye chupa, kwa kuwa sasa tunajua kuandika. Ni shauri zuri, na tumeandika pamoja ubaoni kwa herufi kubwa. Litamsaidia mgeni, litamsaidia shangazi aliyekuja kusalimia na anatafuta maji gizani. Lakini mtoto wa mwaka mmoja na miezi minane hajui kusoma. Hata picha ya fuvu la kichwa inaweza kumpendeza akaifuata. Kwa mtoto, kitu cha maana ni mkono wake usifike, na ukifika usifungue.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Afrika Kusini, watu wa eneo moja la vijijini waligawiwa vyombo vya mafuta ya taa vyenye vifuniko ambavyo mtoto mdogo hawezi kuvifungua. Idadi ya watoto waliokunywa mafuta ilipungua karibu nusu. Sisi hatuna vyombo hivyo vya kuwagawia, na hatutaki kuwadanganya kwamba vitakuja wiki ijayo. Lakini dumu dogo lenye kifuniko cha kukaza, likitumiwa kwa mafuta tu wala lisirudie kazi nyingine, kila nyumba inaweza kulipata. Litundikwe kwenye msumari mrefu au liwekwe juu kuliko kichwa cha mtu mzima, mbali na moto. Sanduku la kufungwa kwa kufuli ni bora zaidi kwa aliye nalo. Kibatari na karabai vijazwe mezani, na vikombe vya kunywea visiguse mafuta hata siku moja. Ukiitwa katikati ya kazi, funga kwanza, ndipo uitike.

Baba wa yule mtoto amekwisha kufanya hivyo. Tulipita kwake jana. Dumu linaning'inia juu ya mlango wa stoo, na faneli imefungwa kwa kamba pembeni yake, maana alisema faneli ikipotea atarudia kikombe. Anafikiria pia kununua taa za nguvu ya jua kwa ajili ya nyumba, karabai zibaki za ziwani. Kile kikombe cha plastiki amekitoboa, akapanda mche wa mpapai.

Haya, fungueni madaftari yenu kwenye somo la huduma ya kwanza. Mama, ulituuliza kama ufute. Usifute kwa kifutio. Piga mstari katikati ya maneno hayo, nasi tunapiga wetu hapa ubaoni. Asiye na kalamu zipo mezani. Mganga wa zahanati amekubali kutuandikia ubaoni maneno mapya kwa mkono wake mwenyewe, na mkimaliza kunakili atapita kusoma daftari la kila mmoja. Safari hii alama ya vema ataiweka yeye.